Handaki Chini ya Bweni

Siku ya kwanza Donatus kumtia machoni Pantaleo, Pantaleo alikuwa juu ya paa la shule, analiezua.

Ilikuwa mwezi wa Agosti, mwaka 1946, kijijini Busulwa, magharibi ya Geita. Shule yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha miti na udongo juu ya kilima. Nyasi za paa lile Donatus alizikata kwa mkono wake na kuziezeka mwaka uliotangulia. Kisha Mzungu mmoja mtafuta dhahabu akapata kibali cha kilima kile. Alipiga vigingi vyake vinne, na darasa likajikuta katikati. Barua ikaja kwamba shule ihame katika muda wa wiki moja, na wiki ilipokwisha wakaja vibarua wanne na panga.

Watoto walisimama chini ya kilima, vibao vyao vya kuandikia wamevikumbatia kifuani. Hakuna aliyelia. Donatus alikuwa nyuma ya watu wazima, mahali pake pa siku zote. Alikuwa mtu wa haya tangu utoto, aliyesoma misheni mpaka darasa la nne, akarudi nyumbani kulima. Alitaka kupaza sauti aseme nyasi zile ni mpya, ziteremshwe taratibu, zinaweza kufaa mahali pengine. Mdomo ulikataa kufunguka.

Vibarua watatu walikuwa wakizing'oa na kuzitupa. Yule wa nne, mweusi, mwenye mikono mirefu, alikuwa akikata kamba moja moja, anazifunga nyasi matita na kuyashusha.

"Nani kaezeka hapa?" aliuliza kutoka juu.

Watu wakamwonyesha Donatus.

"Umekaza sana, ndugu yangu. Unanitesa."

Hakuna aliyecheka. Yule mtu alitazama vile vibao vifuani mwa watoto, akageuka, akaendelea kukata. Donatus alimchukia kwa miaka mitatu bila ya kumjua jina.

Mwaka 1949 serikali ya mtemi iliamua shule ijengwe upya, safari hii kwa tofali za kuchoma. Kiwanja kilipatikana bondeni, kando ya njia ya Ushirombo, katika pori lililofyekwa wakati wa kufukuza mbung'o. Kabla ya kufyekwa hakuna mtu aliyewahi kuishi pale. Wasukuma waliokuwa na mashamba huko wote walihamia baadaye na ng'ombe wao. Kila kitongoji kilipewa zamu: hawa kuchota maji, hawa kukata kuni, hawa kufyatua. Donatus, aliyekuwa na kichuguu kikubwa shambani kwake chenye udongo mzuri wa kunata, akawa mchoma tofali. Lakini fundi mwashi hakuwapo.

Asubuhi moja akaja mtu kwa miguu, mwiko umechomekwa mkanda wa suruali, pimamaji begani. Mwanangwa Masunga, mkubwa wa kijiji, alimtambua kwa mikono yake mirefu.

"Wewe si ndiye uliyetubomolea?"

"Ndiye mimi, mwanangwa. Naitwa Pantaleo, ni Muha wa Kibondo."

"Na unataka kutujengea!"

"Nani anajua ubaya wa shule yenu kuliko mimi niliyeifungua kamba zote?"

Mzee mmoja akaangua kicheko. "Muha huyu! Umetoka Kibondo kote huko kufuata ugali wetu?"

"Nimefuata ng'ombe wenu, baba. Nasikia ndio wanaofikiri kwa niaba yenu ninyi Wasukuma."

Basi utani ukamfungulia mlango. Akaeleza kwamba baada ya kazi ile ya kilimani aliacha ukibarua, akajifunza uashi kwa fundi Kalasinga aliyekuwa akijenga misingi ya mashine mgodini. Hakujua kusoma. Vipimo vyake vyote vilikuwa mafundo kwenye kamba.

Alijenga madarasa mawili, kisha ofisi, kisha nyumba ya mwalimu mkuu. Alikuwa mkali. Tofali lililopasuka alilirudisha kwa Donatus kwa mkono wake mwenyewe, mwendo wa nusu saa, akaliweka miguuni pake. "Baba Serafina," alikuwa akisema, kwa jina la binti wa kwanza wa Donatus, "mtoto wako huyu mgonjwa. Mrudishe tumboni." Donatus alijikuta anasubiri zile safari. Wakawa wanakula pamoja. Pantaleo hakuwa na mke wala mtoto Busulwa. Alilala katika kibanda cha zana. Mara moja tu, wakitafuna muhogo wa kuchoma karibu na tanuri, alisema jambo kuhusu siku ile ya kilimani.

"Watoto wangenitukana ningesahau," alisema. "Walikuwa wameshika vile vibao tu."

Mwaka 1953 bweni la kwanza likaezekwa mabati. Ndipo habari ikaja kwamba Busulwa inaweza kupandishwa kuwa shule ya kati, yenye darasa la tano mpaka la nane, kama itakuwa na bweni la pili. Mpaka wakati ule, mtoto aliyemaliza la nne alikuwa hana pa kwenda ila mbali sana, na wengi walirudi nyuma ya ng'ombe. Bwana Elimu, Mzungu mkaguzi wa shule, alikuja mwenyewe na karatasi ya ramani. Alipiga vigingi vya bweni la pili sambamba na la kwanza, upande wa kusini, akasema atarudi mwezi wa Januari 1955. Akikuta kuta na paa, darasa la tano litafunguliwa. Akikuta kiwanja kitupu, nafasi itakwenda kijiji kingine.

Wazee walikipenda sana kiwanja kile cha kusini. Busulwa nzima ina vichuguu. Mchwa hula milango, hula vitanda, hula miti ya paa. Lakini pale palikuwa sawa kama sakafu, hakuna kichuguu hata kimoja. Mwanangwa Masunga alipiga mguu chini mbele ya watu akasema, "Hapa mchwa hawakupewa." Watu wakashangilia. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mchwa walipakimbia.

Agosti 1954 wakaanza kuchimba msingi. Siku ya pili, kwenye kona ya kusini, jembe la Donatus lilizama mpaka mpini. Udongo ulikuwa laini, umechanganyika na vipande vya mawe meupe. Akalivuta, likatoka na kipande cha gogo lililooza, limechongwa kwa shoka pande mbili.

Pantaleo alikuja akachuchumaa. Alilishika lile gogo, akalifunika haraka kwa udongo, akatazama kulia na kushoto. Watu wengine walikuwa mbali, kwenye foleni ya maji.

"Baba Serafina, nimewahi kuingia humu," alisema kwa sauti ya chini.

"Wapi?"

"Humu chini. Mwaka wa kabla ya vita. Palikuwa pori, mbung'o wanatung'ata mpaka machoni. Tulikuwa vibarua tisa wa Mzungu mmoja. Tulichimba handaki refu, mara mbili ya urefu wangu kwenda chini. Dhahabu ilionekana, kidogo. Vita vilipokuja akatuambia tufukie, akaenda zake. Sikupatambua. Miti yote mmekata."

Donatus alielewa yote mara moja, hata kabla ya kuambiwa. Ukuta juu ya udongo wa kufukiwa ungezama. Lakini kuhamisha vigingi vya Bwana Elimu kulihitaji sababu, na sababu ilikuwa handaki. Ukitaja handaki umetaja dhahabu. Ukitaja dhahabu, Geita yote itasikia, watakuja watu na vigingi vingine, na shule iliyojengwa kwa miaka mitano itakuwa katikati ya vigingi kama ile ya kilimani. Safari hii si nyasi. Ni madarasa, ofisi, bweni lenye mabati.

Walikwenda kwa mwanangwa Masunga, wawili tu. Aliwasikiliza akiwa amesimama.

"Mmemwambia nani?"

"Wewe."

"Basi nimesikia mimi, yatosha. Pantaleo, wewe ni fundi au si fundi?"

"Ni fundi."

"Fundi hashindwi na udongo. Jaza mawe, jenga."

"Mwanangwa, inabidi nishuke mpaka kwenye udongo mgumu. Nitachimba kisima pale."

"Ukichimba kisima watu watauliza unatafuta nini. Watu wa Geita wakiona shimo refu hawafikirii choo." Akamgeukia Donatus. "Na wewe, najua wewe husemi. Usianze leo."

Jumapili watu walipokuwa misani, Pantaleo na Donatus walichimba. Walishuka kimo cha mtu, wakajaza mawe makubwa kutoka mtoni, wakayagonga kwa nyundo. Jumapili ya pili hivyo hivyo. Pantaleo alikuwa akijaribu kukumbuka handaki lilielekea wapi. Alifumba macho, akanyoosha mkono, akasema lilikata kona tu, halikufuata ukuta. Jumapili ya tatu walipita wanawake wawili wenye mitungi, wakasimama.

"Enyi mafundi, mwachimba dhahabu siku ya Mungu?"

"Tunachimba kaburi la Msukuma mmoja mwenye maneno mengi," alijibu Pantaleo. Wakacheka, wakaenda. Lakini jioni ile Masunga alikuja mwenyewe, akaamuru wafukie na kuanza kujenga kesho yake.

Mwezi wa Oktoba Bwana Elimu alipita ghafla, akiwa njiani kwenda kwingine. Kuta zilikuwa zimefika madirishani. Aliwasifu. Akauliza, mwalimu mkuu akitafsiri, kama kuna lolote ambalo mafundi wangependa kusema juu ya kiwanja au ramani, maana ramani inaweza kubadilishwa ikiwa bado mapema.

Pantaleo alimtazama Donatus. Donatus aliona wazi kwamba anaombwa aseme yeye. Yeye ni mwenyeji, ana shamba na ukoo. Neno lake lingechukuliwa kama neno la mwenye mji. Fundi Muha angeulizwa amejuaje, na angeonekana mtu wa mgodi tena. Pengine palikuwa na namna ya kulisema bila ya kutaja dhahabu. Pengine angesema udongo umelegea, basi. Maneno hayo mawili alikuwa nayo mdomoni. Mwanangwa alikohoa. Donatus akatazama vidole vyake vya miguu.

"Hakuna," alisema mwalimu mkuu.

Mvua zilianza Novemba, nyingi kuliko mwaka wowote waliokumbuka. Ukuta wa kusini ulitoa ufa mwembamba kama uzi karibu na dirisha la pili, mbali na kona waliyojaza mawe. Pantaleo aliuziba kwa saruji. Baada ya siku tatu ukarudi. Akaegemeza nguzo mbili, akawaambia watu wote wasipite upande ule. Kisha akakaa juu ya tofali, akaacha mvua imnyeshee.

"Lilifuata ukuta," alimwambia Donatus. "Nilikumbuka vibaya. Halikukata kona, lilifuata ukuta."

"Tusimamishe kazi, fundi?"

"Imebaki miti ya paa na mabati tu." Akapangusa uso. "Kesho nitakwenda kwa Masunga. Akikataa nitabomoa mwenyewe. Kubomoa si ninajua?"

Kesho hiyo haikungoja. Saa tisa alasiri ya siku ile ile, mvua ikiwa imekatika, mlinzi wa shule aliyeitwa Januari, mzee mpole aliyekuwa akiwagawia wanafunzi karanga, alikwenda kuchukua kuni alizoziweka ndani ya bweni jipya. Alipitia upande wa kusini kwa sababu ule mwingine ulikuwa na tope, akaingia, akazitia kwapani. Ukuta haukutoa kishindo kikubwa. Ulikaa chini kwanza, kama mtu aliyechoka, kisha ukalala ndani.

Donatus na Pantaleo walitoa tofali kwa mikono. Kila tofali Donatus alilijua. Alilifyatua, alilichoma, alilipanga. Walipomfikia Januari alikuwa amekwisha kufa, kuni bado zimo kwapani.

Mkewe Bernadina alikuja amejifunga kanga moja, mikono ina unga. Hakupiga yowe. Alikwenda moja kwa moja kwa Pantaleo.

"Fundi, ukuta wako ulikuwa na nini?"

Pantaleo aliliweka chini tofali alilokuwa amelishika.

"Nakuuliza kwa adabu. Mume wangu alikuwa anakusifu. Alisema Muha yule ukuta wake hata tembo hauangushi. Ulikuwa na nini?"

"Mama, nisamehe."

"Sijasema nikusamehe. Nimeuliza ulikuwa na nini."

Donatus alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwao. Jibu lilikuwa chini ya miguu ya yule mama, amelikanyaga. Alimwona Masunga akija mbio kutoka njiani, akaona uso wake, na akafanya lile alilozoea kufanya.

Siku ya tano Bwana Shauri, Mzungu wa serikali aliyeamua kesi, alifika kutoka boma na askari wawili. Meza iliwekwa mbele ya madarasa. Swali lilikuwa moja tu: ukuta mpya umeangukaje?

"Tofali zilichomwa na nani?" aliuliza Bwana Shauri, kwa Kiswahili kizuri cha kujifunza.

Donatus alisogea mbele. Bwana Shauri alichukua tofali, akaligeuza. Akasema tofali likiwa bichi ndani hunywa maji na kuvunjika, na kama ni hivyo mchomaji atajibu kwa kifo hiki. Akanyanyua nyundo ili alipasue.

"Bwana," alisema Pantaleo kutoka nyuma. "Tofali za huyu ni nzima. Pasua zote. Kosa ni langu."

"Kosa gani?"

"Msingi niliufanya mfupi. Nilikuwa na haraka. Na saruji niliipunguza, nikatia udongo."

Watu walinung'unika. Mwalimu mkuu alivua miwani. Donatus alijua kwamba si kweli hata neno moja. Hakuna mtu Busulwa aliyeshuka chini zaidi kwa ajili ya msingi ule, na hakuna aliyelinda saruji zaidi. Alimtazama Masunga. Mwanangwa alikuwa anatazama bweni la kwanza, mabati yake yanang'aa juani.

"Ulijua kuwa ni hatari?" aliuliza Bwana Shauri.

"Nilijua," alisema Pantaleo. Neno hilo lilikuwa la kweli.

Bwana Shauri aliuliza kama kuna mtu mwenye neno la ziada. Donatus alifungua mdomo, na wa kwanza kuuona ukifunguka alikuwa Pantaleo, ambaye alitikisa kichwa mara moja, kidogo sana, kama anayemfukuza nzi. Donatus akaufunga. Kwa miaka yote iliyofuata hakuweza kujua kama alinyamaza kwa sababu ya shule, au kwa sababu ya kutii kile kichwa, au kwa sababu tu kunyamaza kulikuwa rahisi. Alijua kwamba Bernadina alikuwa amekaa chini, mstari wa mbele, na kwamba tangu siku ile yule mama alilitaja jina la Pantaleo kwa kutema mate, na watu wakamfuata. Watoto wa Busulwa wakakua wakiambiwa habari za Muha mwizi wa saruji aliyemuua mzee Januari. Serafina, binti wa Donatus mwenyewe, aliirudia hadithi hiyo mezani, na baba yake akaendelea kula.

Hukumu ilikuwa miaka mitatu. Mwezi wa Januari 1955 Bwana Elimu alikuja, akakuta kifusi. Lakini kwa kuwa kosa lilikuwa la fundi mmoja na fundi huyo amekwisha fungwa, na kiwanja hakina lawama, alikubali kuwaongezea mwaka mmoja. Bweni likajengwa upya, kamba ya vipimo ikiwa mkononi mwa Donatus, na mwaka 1956 watoto thelathini waliingia darasa la tano.

Pantaleo hakuona hayo. Alihamishwa gereza la mbali, na katika mwaka wa pili homa ikamchukua huko. Habari ilikuja kwa mdomo wa mfungwa aliyeachiliwa, aliyepita njiani akiomba maji ya kunywa. Hakuna matanga yaliyokaliwa Busulwa. Donatus alikwenda tanurini peke yake, akawasha moto ambao haukuwa na tofali la kuchoma, akakaa nao mpaka ukazimika.

Mara yake ya mwisho kumwona Pantaleo ilikuwa siku ile alipopelekwa boma. Lori lilisimama njiani mbele ya shule, askari mmoja alikwenda kuomba moto wa sigara. Watu walikuwa wamekusanyika upande wa pili, baadhi wameshika mawe, ingawa hakuna aliyerusha. Donatus alivuka njia peke yake, wote wakimwona, akasimama chini ya ubao wa lori. Alikuwa amebeba muhogo wa kuchoma ndani ya jani la mgomba. Pantaleo aliupokea kwa mikono miwili, pingu zikagongana.

"Fundi," alisema Donatus. "Nitasema. Nitakwenda boma mwenyewe, kesho, niseme."

"Ukisema watabomoa. Nawajua wabomoaji." Pantaleo aliumega muhogo, akatia kipande mdomoni, akatafuna bila haraka. Injini iliwaka. Askari alikuwa anarudi. Ndipo akainama juu ya ubao, karibu kabisa na sikio la Donatus, na akasema kwa haraka:

"Wakija kupiga vigingi vya bweni jingine, wewe ndiye ushike kamba. Usimwachie mtu. Wasipotazama, isogeze hatua kumi na mbili upande wa njia, handaki halifiki huko. Umesikia, Baba Serafina? Kumi na mbili. Hatua zangu mimi, si zako."